Uzi maalumu: Wenye SUV za haibridi hapa Dar, tusiziue kwa mazoea ya gari la kawaida

Baba Nasra wa Kimara (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo.

Uzi huu nimeufikiria muda mrefu. Barabara za Dar siku hizi zimejaa SUV za haibridi: Harrier za kuanzia 2014, Vezel, X-Trail, RAV4, Kluger za zamani, Lexus RX. Nyingi zimeshatumika Japani kabla ya kushushwa bandarini, na zikishafika hapa zinaendeshwa na kufanyiwa servisi kama gari lolote la petroli. Baada ya muda unasikia mtu anasema haibridi ni hasara tupu, betri yake bei ya kiwanja. Sikubaliani nao. Nyingi tunaziua wenyewe, na tunaziua kwa mazoea tuliyotoka nayo kwenye magari tuliyojifunzia.

Nitaeleza ninayoyafahamu kwa haibridi za Toyota, kwa kuwa ndizo nyingi na ndizo ninazozijua. Wenye Honda, Nissan na Subaru waongezee.

Kwanza tuelewane gari linavyofanya kazi. Kuna injini ya petroli, kuna mota za umeme, na kuna betri kubwa iliyokaa chini ya kiti cha nyuma au chini ya sakafu ya buti. Kwenye Harrier ya 2014 hadi mwanzoni mwa 2020 betri hiyo ni ya nikeli, ina volti 244.8, na inveta (kifaa cha kubadili umeme) inaupandisha umeme huo hadi volti 650 kabla haujafika kwenye mota. Ukikanyaga breki au ukiachia mafuta, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Hakuna starta, hakuna altaneta. Injini inawashwa na mota yenyewe, na inawaka na kuzima inavyoamua kompyuta, wewe huulizwi.

Hapo ndipo hatari ya kwanza ilipo. Taa ya READY ikiwaka kwenye dashibodi, gari limewaka, hata kama hakuna sauti yoyote. Watu wanashuka wanaacha gari READY wakidhani wamelizima. Mtoto akipanda mbele akavuta gia, gari linaondoka. Ukiliacha hivyo kwenye gereji iliyofungwa, betri ikipungua injini itajiwasha yenyewe na moshi utajaa humo ndani, na moshi ule unaua bila mtu kuusikia. Fundi naye akiingiza mkono karibu na mkanda au feni huku gari liko READY, injini inaweza kuwaka mkono ukiwa mle mle. Kwa hiyo kabla ya kushuka: P, breki ya mkono, bonyeza kuzima, hakikisha READY imetoka, ndipo ufungue mlango. Na kama ufunguo wako ni wa kubonyeza, usimwachie fundi ufunguo ndani ya gari, kaa nao mbali.

Hatari ya pili ni huo ukimya. Mitaa yetu ya Manzese, Tandika, Kariakoo, watu wanatembea barabarani wakiwa wamekupa mgongo. Wanategemea masikio. Gari likitembea kwa umeme, mama aliyebeba ndoo kichwani hakusikii hata kidogo. Haibridi nyingi za miaka ya karibuni zina spika inayotoa mlio mwembamba kwa mwendo mdogo, lakini mlio huo haushindani na muziki wa duka la pembeni. Chukulia kwamba hakuna anayekusikia. Punguza mwendo, piga honi fupi mapema, na ukiwa unarudi nyuma uani, mtu ashuke aangalie watoto.

Sasa foleni. Mazoea yetu wengi ni kuweka N kwenye taa ili mguu upumzike. Kwenye haibridi ya Toyota, gia ikiwa N betri kubwa haichajiwi, hata injini ikiwa inanguruma. Wakati huo huo AC inaendeshwa na betri hiyo hiyo kwa sababu kompresa yake ni ya umeme. Ukikaa N muda mrefu pale Ubungo au Buguruni na AC imewashwa, unaikausha betri kwenye joto la Dar. Baki D ukiwa umekanyaga breki, au kama foleni imekufa kabisa weka P. Injini itawaka yenyewe ikihitajika, itachaji, itazima.

Ndugu yake N ni kuendesha hadi petroli iishe. Wapo wanaodhani petroli ikikata umeme utawafikisha sheli. Utasogea kidogo, ndiyo, lakini betri kubwa ikishuka kupita kiwango chake gari halitawaka hata ukimimina petroli, na kuifufua inahitaji vifaa ambavyo mafundi wengi hawana.

Kingine ni tundu la hewa la betri. Betri ile inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, kupitia tundu lililo chini au ubavuni mwa kiti cha nyuma, kulingana na modeli. Nendeni mkaliangalie leo. Utakuta limezibwa na kapeti la kuongezea, begi la shule, kanga, maganda ya karanga. Modeli nyingine zina kichujio cha vumbi ndani yake, na kwa vumbi letu kinajaa haraka. Kukifungua na kukisafisha ni kazi ndogo mno, na hakuna kitu cha bei rahisi kuliko hicho kinachorefusha maisha ya betri. Kwa kuwa feni inavuta hewa ya ndani, joto la ndani ndilo joto la betri. Gari likikaa juani, fungua vioo kwanza hewa ya moto itoke, kisha washa AC. Wanaozima AC na kufungua vioo barabara ya vumbi ili kubana mafuta wanaipa betri joto na vumbi kwa pamoja.

Nawaachia hapo kwanza, nitaendelea na servisi. Karibuni.

Kijana wa Mbagala

Mkuu uzi mzuri, ila hapo kwenye N bado sijaelewa. Mimi nimefundishwa kwamba D na breki kwa muda mrefu inachosha giaboksi. Kilwa Road unaweza kukaa sehemu moja mpaka ukasahau ulikuwa unaenda wapi. Kwa nini D isiumize?

Baba Nasra wa Kimara

Swali zuri mdogo wangu. Kwenye otomatiki ya kawaida, ukikaa D na breki, injini inasukuma mafuta ya haidroliki huku magurudumu yamezuiwa, na nguvu hiyo inageuka joto. Wenye wasiwasi na D hapo ndipo walipoutoa. Kwenye haibridi ya Toyota hakuna kitu hicho. Giaboksi yake ni seti ya meno yanayozunguka pamoja, injini na mota mbili zimeunganishwa humo, na gari likisimama hakuna kinachosukumana. Ule mvuto mdogo unaousikia ukiachia breki umetengenezwa na mota kwa makusudi ili uendeshe kama ulivyozoea. Ukikanyaga breki sawasawa unakatwa.

Kwa hiyo D haina kosa. N ndiyo yenye hasara.

Dada Tabata

Asante kaka kwa elimu. Nina swali la sisi wenye watoto. Gari likichafuka ndani napeleka sehemu wanatoa viti, wanamwaga maji na sabuni kwenye kapeti, wanavuta kwa mashine. Kuna shida?

Fundi Umeme Ilala

Naomba nijibu hilo, maana linatuletea kazi nyingi gereji.

Dada, shida ipo kubwa. Chini ya kiti chako cha nyuma ndipo betri ilipo. Maji yakipenya mle yanaozesha viungo vya shaba vinavyounganisha seli. Unavikuta vimeota kijani. Gari linaanza kuleta alama ya kuvuja kwa umeme mkubwa, msimbo wake kwenye kompyuta ni P0AA6, na siku nyingine linakataa kuwaka kabisa kwa usalama wako. Osha viti kwa povu na kitambaa, maji yasimwagwe nyuma. Waambie kabla hawajaanza, tena kaa hapo hapo usimamie.

Boneti pia. Vijana wetu wa kuosha magari wana bidii, wanapiga maji ya presha kila mahali. Lile sanduku la rangi ya fedha upande mmoja wa injini ndiyo inveta. Usipige presha pale wala kwenye soketi za nyaya za rangi ya chungwa. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, basi.

Na kwa kuwa nimezitaja nyaya za chungwa: hizo ndizo zinazopitisha umeme mkubwa. Rangi hiyo imewekwa ili kila mtu ajue. Nawasihi sana mafundi wenzangu mnaosoma hapa. Kabla ya kugusa chochote chenye chungwa, gari lizimwe, ufunguo uwekwe mbali, betri ndogo ifunguliwe, plagi ya usalama ya betri kubwa ichomolewe ukiwa na glavu za umeme zilizopimwa, kisha usubiri angalau dakika 10 ili kapasita za inveta zimalize umeme, na hata hapo upime kwa mita kabla ya kushika. Glavu za umeme, si zile za kubebea zege. Umeme wa betri ile ni wa mkondo mnyoofu (DC) na unaweza kuua mara moja. Kama huna vifaa, mwambie mteja ukweli, mpeleke kwa mwenzako mwenye navyo. Hakuna aibu.

Mzee wa Bunju

Fundi umenena. Mimi naomba mguse habari ya AC. Gesi ikipungua tunakwenda kujaza popote. Kwa haibridi ni sawa?

Fundi Umeme Ilala

Shikamoo mzee. Gesi yenyewe kwa nyingi ni ile ile R134a. Tatizo ni oili ya kompresa. Kompresa ya gari la kawaida inazungushwa na mkanda na inatumia oili iitwayo PAG. Kompresa ya haibridi ina mota ya umeme mkubwa ndani yake, na nyaya za mota hiyo zinaogelea kwenye hiyo oili. Kwa hiyo lazima iwe oili isiyopitisha umeme. Kwa Toyota ni ND-11. Fundi akiingiza PAG, hata kidogo tu iliyobaki kwenye mipira ya mashine yake, umeme unaanza kuvuja kwenda kwenye bodi ya gari, na unarudi kwenye ule msimbo P0AA6 niliousema. Mtu anaambiwa betri imekufa, kumbe ni AC iliyojazwa wiki iliyopita.

Ukienda kujaza gesi uliza swali moja tu: "Unatumia oili gani kwa haibridi?" Akishangaa, washa gari uondoke.

Mzee wa Bunju

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa vizuri.

Baba Nasra wa Kimara

Fundi asante sana, hilo la oili ya AC lisomwe na kila mtu. Naendelea na servisi.

Oili ya injini. Kitabu cha Harrier haibridi hiyo niliyoitaja kinataka 0W-20, na injini yake ya lita 2.5 inabeba lita 4.4 pamoja na filta. Oili hii ni nyepesi kwa sababu maalumu. Injini ya haibridi inazima na kuwaka mara nyingi mno katika safari moja, kwa hiyo oili inatakiwa ifike juu upesi kila inapowaka. Kumwaga oili nzito ya 20W-50 kwa kuwa "Dar kuna joto" ni kuitesa. Kwa foleni na vumbi letu mimi nabadilisha kila kilomita 5,000 au miezi sita, kimojawapo kikitangulia. Wengine watasema injini inafanya kazi nusu ya muda kwa hiyo oili idumu mara mbili. Hapana. Safari fupi za kuwaka na kuzima haziipi injini nafasi ya kupata moto na kukausha unyevu na petroli inayochuruzika kwenye oili.

Maji ya kupoza: kuna mizunguko miwili, na wengi hawaujui wa pili. Mmoja ni wa injini, mwingine ni wa inveta, na una chupa yake ndogo na pampu yake ya umeme. Fungua boneti, tafuta chupa zote mbili, angalia kiwango kila wiki gari likiwa baridi. Yote mawili yanatumia kulanti ya pinki inayodumu. Msijaze maji ya bomba. Chumvi zake zinakula alumini na kuziba njia. Gari likiwa READY, chungulia kwenye chupa ya inveta: maji yanatakiwa yaonekane yanatikisika, ndiyo dalili kwamba pampu inazunguka. Pampu hiyo ikifa, inveta inapata moto, gari linapoteza nguvu katikati ya barabara na kuandika P0A93. Pampu ni bei ya kuvumilika. Inveta si mchezo.

Giaboksi ya Toyota haibridi inatumia haidroliki ya ATF WS. Fundi akisikia "CVT" (giaboksi isiyo na hatua za gia, nyingi ni za mkanda wa chuma) anakimbilia kumwaga mafuta ya CVT. Hii haina mkanda wa chuma, usikubali. X-Trail haibridi ni kitu kingine kabisa, ile ina CVT ya mkanda na klachi, na Vezel haibridi ya kwanza, ya 2013 hadi 2021, ina gia 7 za klachi mbili. Kila moja na mafuta yake. Soma kitabu cha gari lako, hata kama ni cha Kijapani, namba za mafuta zinasomeka.

Plagi ni za iridiamu, zinakwenda karibu kilomita 100,000. Usiuziwe za bei chee kila servisi.

Na betri ndogo ya volti 12, hii ndiyo inayowalaza watu njiani zaidi ya betri kubwa. Kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga swichi za betri kubwa, haizungushi injini. Ndiyo maana ikichoka husikii ule mlio wa starta kulegea. Unachoona ni taa za ajabu ajabu zote zinawaka kwa pamoja: breki, ABS, haibridi, usukani. Mtu anatetemeka, anapelekwa kununua betri kubwa, kumbe ni hii. Kabla ya kukubali lolote, ipime gari likiwa limezimwa na limetulia. 12.6 ni nzima, chini ya 12 imechoka. Ukiweka READY ipande hadi karibu 14. Nyingi zimewekwa nyuma kwenye buti, ndani ya nafasi mnayokaa, kwa hiyo ziwe za AGM (zilizofungwa, hazimwagi maji) au zenye bomba la kutolea gesi nje. Usiweke ile ya kawaida ya maji isiyo na bomba.

Ukikwama, unaweza kuazima umeme kwa nyaya kutoka gari jingine, lakini usikubali haibridi yako itumike kuwasha lori au Canter ya mtu. Kibadilishi chake cha umeme hakikutengenezwa kwa mzigo huo. Na chanya na hasi zikikosewa, fyuzi kuu inakwenda na inveta inaweza kufuata.

Dada Tabata

Kaka, na breki? Yangu inalia nyuma asubuhi, halafu nikifungua mlango wa dereva nasikia kitu kinavuma "zzzz" hata gari halijawaka. Nilidhani kuna kitu kimeharibika.

Baba Nasra wa Kimara

Huo mvumo dada ni pampu ya breki inajiandaa. Gari likihisi mlango wa dereva umefunguliwa linajaza presha. Ni kawaida. Ukianza kuvuma kila baada ya sekunde chache bila kukoma, au taa ya breki ikawaka, hapo peleka haraka, usiendeshe.

Kulia asubuhi: mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi, kwa hiyo pedi na diski hazishiki kwa nguvu kama kwenye gari la kawaida. Pedi zinadumu sana, ni kweli. Lakini diski zinapata kutu, na pini za kaliper zinakauka na kukwama, hasa kwa wanaokaa karibu na bahari, Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach, kule upepo una chumvi. Mtu anaona pedi bado nene anaridhika, kumbe upande mmoja haushiki. Kila servisi ya pili waambie wavue magurudumu yote manne, wachomoe pini, wasafishe, wapake grisi ya breki. Pia mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi na mafuta yale yanaunyonya.

Fundi wa breki lazima ajue kwamba hizi ni breki za kompyuta. Kabla ya kusukuma pistoni aizime pampu kwa utaratibu wake, vinginevyo mtu akifungua mlango wa dereva pampu inasukuma pistoni nje na vidole vya fundi viko pale. Kutoa hewa pia kunahitaji kompyuta.

Kwenye uendeshaji kuna jambo moja nataka mlijue kabla halijawatisha. Ukiwa unashika breki taratibu halafu tairi likaingia shimoni au likapita kwenye bati la barabara, kwa kitambo kidogo sana unahisi gari kama limeachia. Ni mota imeacha kuzuia na breki za kawaida zinapokea. Usitoe mguu. Kanyaga zaidi, ng'ang'ania. Na acha nafasi ya kutosha mbele yako, maana hapa mjini bodaboda ataijaza hiyo nafasi, na utaiacha tena.

Mzee wa Bunju

Sasa masika. Mvua ikinyesha Jangwani pakijaa, naona SUV zinaingia majini kwa kujiamini kwa kuwa ziko juu. Haibridi ikiingia maji dereva anapigwa shoti?

Fundi Umeme Ilala

Mzee, umeme mkubwa wa gari hili haujaunganishwa na bodi kama ule wa volti 12. Una njia yake ya kwenda na kurudi, na kompyuta ikigundua uvujaji inaleta alama. Ukizima gari au likipata ajali kubwa, swichi za betri zinafunguka umeme unabaki ndani ya boksi. Kwa hiyo hofu ya kupigwa shoti kwa kukaa ndani ya gari lililosimama majini si hofu kubwa.

Hofu kubwa ni maji yenyewe. Maji yanayokwenda kasi, yenye kimo cha sentimita 30, yanaweza kuinua gari dogo, na sentimita 60 yanabeba SUV. Pale Jangwani, Kigogo, Mkwajuni, huoni kama chini lami bado ipo au imeondoka. Hakuna haibridi wala Land Cruiser ya kubishana na mto Msimbazi. Geuza, pita njia nyingine, au subiri.

Na kwa gari: betri yako iko chini, usawa wa kiti. Maji yakivuka kizingiti cha mlango, hesabu yameifikia. Likishazama usiliwashe "kujaribu". Zima, shukeni, vuta kwenye gari la kitanda (lile linalopakia gari zima juu yake), na usiguse nyaya za chungwa zilizolowa wala betri. Ikitokea moshi au moto, kaeni mbali, pigeni 114 Zimamoto, na waambieni kwa mdomo kwamba gari ni haibridi. Wanahitaji kujua kabla ya kukata bodi.

Kijana wa Mbagala

Wakuu nataka kununua mwaka huu. Nikienda yadi niangalie nini? Na nikikuta betri imechoka, ni sawa kubadilisha seli moja mbovu?

Fundi Umeme Ilala

Nenda na mtu mwenye kompyuta ya kupimia inayosoma betri ya haibridi. Ile ndogo ya kusoma taa ya injini tu haitoshi. Betri ya Harrier tuliyoitaja imepangwa kwa vikundi 17, kila kikundi na volti 14.4. Soma vikundi vyote gari likiwa linapanda kilima au umekanyaga mafuta na breki kwa pamoja kwa muda mfupi, maana likiwa limetulia hata betri mbovu inaonekana nzuri. Vyote vishuke na kupanda pamoja. Kimoja kikiachana na wenzake kwa karibu volti moja au zaidi, hapo pana ugonjwa. Msimbo P0A80 ukiwemo kwenye kumbukumbu, punguza bei au ondoka. Na ukiona kumbukumbu ya misimbo imefutwa muda si mrefu, uliza kwa nini.

Seli moja: inawezekana, inafanyika sana, lakini ujue unachonunua. Ukiweka seli yenye nguvu katikati ya zilizochoka, zile dhaifu zinazofuata zinaanza kuanguka moja baada ya nyingine. Kama huna namna, fundi azipime zote kwa mzigo, achague zinazolingana, azichaji zilingane kabla ya kufunga, asafishe na zile shaba. Akikubadilishia kwa saa moja bila kupima nyingine, utarudi kwake.

Baba Nasra wa Kimara

Nami naongeza la yadi: angalia tairi. Magari mengi yanakuja na tairi za Japani. Pembeni mwa tairi kuna namba nne za mwisho, mfano 2318, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Na nyingine ni tairi za theluji, zina neno STUDLESS au alama ya mlima na kipande cha theluji, na vikato vingi vyembamba kama vya wembe. Zina mpira laini uliotengenezwa kwa baridi. Kwenye lami ya moto ya Morogoro Road zinapata joto, zinaisha haraka, na kwenye mvua kusimama kwake ni kubaya. Wauzaji watakwambia "mpya kabisa hii, angalia meno". Usinunue. Haibridi ni nzito kuliko ndugu yake wa petroli, na mota yake inatoa nguvu yote toka gurudumu linapoanza kuzunguka, kwa hiyo tairi ndiyo inayobeba kila kitu. Upepo ujazwe kwa namba zilizobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, asubuhi tairi likiwa baridi.

Kuhusu Vezel, kama ndiyo unayoitaka, Honda waliagiza zirudishwe kwao (recall) huko Japani zaidi ya mara moja miaka ile ya mwanzo kurekebisha programu ya giaboksi. Hakikisha unayonunua ilifanyiwa, na iendeshe kwenye foleni ya kweli, taratibu, mbele na nyuma, siyo kuzunguka yadi.

Chausiku

Naomba kuuliza la safari. Tunakwenda Mbeya mwezi ujao na Kluger. Mume wangu anasema ile gia ya B haina kazi. Na gari likiharibika njiani livutweje?

Baba Nasra wa Kimara

B ina kazi, na kazi yake ni mlima wa Kitonga. Mkiwa mnashuka mlima mrefu, mota inazuia gari na kuchaji betri, lakini betri ikijaa haipokei tena, na kuanzia hapo mzigo wote unarudi kwenye pedi. Zikipata moto zinaacha kushika. Weka B kabla ya kuanza kushuka, siyo ukiwa umeshaingia kwenye kona na lori liko mbele. Injini itanguruma kwa sauti, msiogope, inazungushwa bila petroli ili izuie. Mkifika chini rudisheni D. Kwenye barabara tambarare B inapoteza umeme bure. Na ndani ya miji na vijiji vyote mtakavyopita ni kilomita 50 kwa saa, mikanda mbele na nyuma, pamoja na watoto.

Kuvuta: msikubali kufungwa kamba magurudumu yote yakiwa chini. Mota imeunganishwa na magurudumu, kwa hiyo gari likivutwa inazalisha umeme hata kama limezimwa, na inaweza kuunguza. Kama ni la mbele tu, magurudumu ya mbele yainuliwe. Kluger haibridi nyingi, na hizi Harrier za magurudumu manne, zina mota nyingine nyuma, kwa hiyo lazima lipakiwe lote kwenye gari la kitanda. Wekeni namba ya mwenye gari la kitanda kwenye simu kabla ya kutoka Dar, na mkipatana bei kwenye simu mwambieni mapema kwamba ni la magurudumu manne asije na la kuinua mbele.

Chausiku

Nashukuru sana kaka. Nimemsomea mume wangu, ameenda kuitafuta ile chupa ya pili ya maji sasa hivi. Anasema ipo, na maji yake yako chini ya alama ya chini.

Fundi Umeme Ilala

Dada, usimwache aongeze tu na kufunga. Maji ya inveta hayapungui yenyewe, kuna mahali yanapotokea. Aangalie chini ya pampu na kwenye maungio ya mipira kama kuna ukungu wa pinki uliokauka. Mkirekebisha, mfumo utolewe hewa vizuri, kisha muendeshe siku kadhaa humu humu mjini huku mnaangalia kiwango. Kikishuka tena, safari ya Mbeya isubiri.

Chausiku

Ameuona huo ukungu, uko kwenye mpira wa chini. Kesho asubuhi tunalileta Ilala.